Fungua Mfuniko Kwanza: Tunalipa Spea, Hatulipi Akili

Kama ushawahi kukwama kwenye kona za kupanda Wundanyi saa nane mchana, gari imezima, nyuma kuna magunia ya unga na kreti za soda, na aliyeshika usukani ni mama yako mzazi, basi hii ni yako. Kama hujawahi, soma tu. Siku yako inakuja.

Leo naongea kuhusu gari ya mafuta ya petroli inayozimika njiani bila sababu. Najua wengi wenu hamna gari. Hata mimi sina. Lakini nyumbani kwenu kuna gari ya mtu, ama unapanda gari ya mtu, ama siku moja utanunua ile ya kwanza ya bei ya kutupwa, na itakuzimikia. Siku hiyo utagundua kitu ambacho mimi nilikigundua kwa shilingi 39,000 za mamangu.

Ngoja niwape stori.

Mama ana pikap, Peugeot 504. Wadogo mtasema hiyo ni chuma ya makumbusho. Sawa, lakini heshima ikae: hii gari ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, ikaja kushinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, kwenye barabara zetu hizi hizi za vumbi na matope. Wazee waliipenda kwa sababu ilibeba kila kitu na fundi yeyote angeifungua chini ya mwembe. Ya mama kazi yake ni moja: alfajiri inashuka kutoka milimani na kabeji, sukuma wiki na nyanya mpaka soko la Voi, na mchana inapanda kurudi na bidhaa za duka. Hiyo pikap ndiyo ilinilipia karo. Ndiyo ilinipeleka chuo.

Mwaka juzi ikaanza tabia. Kushuka, hakuna shida. Voi mpaka Mwatate, kilomita kama 25, hakuna shida. Ukianza kupanda, inakohoa, inavuta kama mtu mwenye pumu, halafu kimya. Mama anapiga stata, wapi. Mimi nashuka naweka jiwe nyuma ya tairi. Tunangoja dakika kumi, kumi na tano. Anapiga tena, inawaka kama hakuna kilichotokea! Tunaenda kilomita tatu, nne, inazima tena.

Tukapeleka kwa fundi. Fundi akasikiliza nusu sekunde, akasema, "Mama, hiyo ni pampu." Tukanunua pampu, 4,500. Wiki ya pili ikazima. Fundi mwingine akasema kabureta imechafuka, tukanunua vifaa vya kuifanyia usafi na kubadilisha, 2,500. Ikazima. Koili, 3,200. Plagi na nyaya zake, 3,800. Ikazima. Kuosha tangi, 1,500. Halafu mmoja akaja na la mwisho: kabureta yenyewe imekufa, tafuta ya mtumba. Hiyo ilikuwa 9,500. Mara mbili tulivutwa mpaka nyumbani, 4,000 kila safari. Kazi za mafundi wote, 6,000. Jumlisha mwenyewe. Ni 39,000, bila kuhesabu nyanya zilizooza siku gari ikiwa gereji.

Pesa hiyo mama alikuwa ameiweka kwa ajili ya semista yangu, karo na nyumba ya kukodi. Semista ikafunguliwa, mimi niko Mwatate nimeshika spana.

Sasa sikia ilivyoisha. Siku moja ilizima tukiwa tumeshaanza kupanda. Kando ya barabara kulikuwa na mzee ameketi kwenye benchi la duka, mzee ambaye miaka yake ya ujana aliendesha zile Peugeot za abiria. Hakusimama. Hakugusa gari. Aliuliza tu.

"Mama, hii tabia ilianza lini?"

Mama akasema kama miezi minne.

"Kabla ya hiyo miezi minne, ni kitu gani kilibadilishwa kwa hii gari?"

Mama akafikiri. Akasema hakuna. Halafu akakumbuka: mfuniko wa tangi uliibiwa pale stendi, akanunua mwingine, wa gari nyingine, ila ulikubali kufunga vizuri.

"Na inazima sana ukiwa umejaza ama ukiwa karibu kuisha?"

Hapo mimi ndiye niliyejibu, na nikashtuka nikijisikia. Ilikuwa inazima siku tukijaza. Mama huwa anajaza Voi kabla ya kupanda. Siku tukiwa hatuna pesa, tukiweka ya mia tano, tunafika nyumbani salama. Sisi tulikuwa tunasema ni mafuta ya Voi yamechanganywa!

Mzee akaniambia, "Kijana, nenda ufungue huo mfuniko. Polepole."

Nikafungua. Ikalia *fsssss*, kama soda. Lakini hewa haikuwa inatoka, wasee. Ilikuwa inaingia. Mama akapiga stata mara mbili, tatu, gari ikawaka. Hatukungoja dakika kumi na tano.

Acha nieleze kwa nini, maana hapa ndipo darasa lilipo. Tunadhani pampu inavuta mafuta kama uchawi. Hapana. Pampu inafanya nafasi upande wake, na hewa iliyo ndani ya tangi ndiyo inayosukuma mafuta yaje. Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Chukua mkebe wa mafuta ya kupika, toboa tundu moja tu, halafu umimine. Yanatoka kidogo, yanakatika. Toboa la pili, yanamwagika freshi. Tangi ni hivyo hivyo. Mfuniko tulionunua haukuwa na tundu la kupumua. Gari yetu ilikuwa pia na kapaipu kadogo ka hewa, lakini tulipokachunguza baadaye, nyigu wale wanaojenga kwa udongo walikuwa wamejenga mlangoni. Pande zote mbili zimezibwa.

Kwa hiyo pampu ilikuwa inavuta dhidi ya tangi lililokaza. Kwenye tambarare injini inatumia mafuta kidogo, inavumilia. Mlimani na mzigo, inataka mengi kwa haraka, inakosa. Ukingoja, hewa inapenya taratibu kwenye vinyufa, mambo yanarudi. Na kwa nini tangi likijaa ndiyo mbaya zaidi? Kwa sababu likijaa, hewa iliyo juu ni kidogo sana. Ukitoa lita moja tu, hiyo hewa kidogo imeshanyooshwa sana. Likiwa nusu, hewa ni nyingi, lita moja si kitu.

Dawa: mfuniko sahihi, na waya mwembamba wa kuzibua kapaipu. Nadhani haikufika shilingi 700. Pikap yenyewe haikuwa na kosa hata moja.

Sasa maoni yangu, na najua kuna mafundi watanichukia. Shida yetu kubwa si mafundi wezi. Wako, ndiyo. Lakini shida kubwa ni sisi tunaolipa spea na hatulipi akili.

Fikiria. Fundi akikuambia, "Nimekaa na gari yako saa mbili, nimepima, shida ni mfuniko," wewe utampa ngapi? Sema ukweli. Utampa mia mbili ya chai, na utalalamika. Utasema, "Hakuna kitu amefanya." Lakini akibadilisha pampu, hata kama pampu ilikuwa nzima, utalipa kwa sababu umeona chuma kipya kimeshikwa na mikono michafu. Sisi ndio tumemfundisha kwamba kufikiri hakuna pesa, kufungua bolti ndiko kuna pesa. Halafu tunashangaa akifungua bolti bila kufikiri.

Mzee wa benchi hakulipwa chochote siku hiyo. Mama alimpa kabeji mbili siku iliyofuata. Kabeji mbili kwa kazi iliyoshinda mafundi wanne! Mzee mwenyewe alisema, "Mimi sikutengeneza kitu, niliuliza tu." Hapo ndipo nilipoumia. Hata yeye hakuona kuuliza kama kazi.

Basi hebu tujue kuuliza. Hii si kozi ya ufundi, ni mpangilio tu, na ukiujua hutadanganywa kirahisi.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: mafuta, hewa na moto wa plagi. Ikizimika, swali la kwanza si "pampu ama kabureta?" Swali la kwanza ni "imekosa mafuta ama imekosa moto?" Kwa gari ya kabureta unaweza kujua papo hapo ikiwa imezima, na ni lazima iwe papo hapo. Ukingoja mpaka iwake, ushahidi umepotea. Zima switch, fungua kifuniko cha kichungi cha hewa, chungulia ndani ya koo la kabureta, vuta waya wa aksileta kwa mkono. Ukiona mafuta yanaruka kama sindano nyembamba, kabureta ina mafuta, nenda utafute moto. Ikiwa kavu, rudi nyuma kwenye njia ya mafuta. Hilo peke yake lingetuokolea koili na plagi, 7,000.

Kavu? Fungua mfuniko wa tangi, usikilize, ujaribu kuwasha. Ikiwaka mara moja, umemaliza, nenda kanywe chai.

Bado? Sasa unauliza: shida iko kabla ya pampu ama baada? Chomoa paipu inayoingia kwenye kabureta, uielekeze ndani ya chupa safi, chomoa waya wa koili ili kusiwe na moto, mtu apige stata. Pampu nzima inatema kwa mapigo, pu, pu, pu. Ikitema vizuri, pampu haina makosa, angalia kabureta. Isipotema, usikimbilie duka la spea bado! Chukua paipu ya upande wa kuingilia pampu, uitumbukize kwenye kichupa cha petroli safi badala ya tangi. Pampu ikivuta kutoka kwenye kichupa lakini haivuti kutoka kwenye tangi, basi unanunua pampu ya nini? Shida iko nyuma: kutu na uchafu ndani ya tangi, kichungi kimeziba, ama paipu ya mpira imepasuka inavuta hewa badala ya mafuta. Hii ya mpira ni janja sana, kwa sababu haivuji. Inavuta upepo ndani, hakuna tone unaloona chini.

Uchafu wa tangi nao una ujanja kama wa mfuniko. Injini ikivuta, uchafu unasogea unaziba mdomo wa paipu. Gari ikizima, uchafu unaanguka chini, ukingoja inawaka. Tofauti ni kwamba ukifungua mfuniko hakuna kinachobadilika.

Na kuna mshukiwa wa tatu, huyu ni wa Voi kabisa: joto. Petroli ikipata moto sana kwenye paipu iliyopita karibu na ekzosi, inachemka na kuwa mvuke, na pampu iliyotengenezwa kusukuma maji haiwezi kusukuma mvuke. Madereva wa zamani walikuwa wanafunga kitambaa chenye maji kwenye pampu na paipu. Watu walidhani ni ushirikina. Ni fizikia. Ukimwagia kitambaa maji na gari ikawaka, ujue ni joto, sogeza paipu mbali na ekzosi.

Umeona? Washukiwa watatu, dalili ile ile: inazima ikipanda, inawaka ukingoja. Kila mmoja na kipimo chake, na hakuna kipimo hata kimoja kinachogharimu zaidi ya chupa na kitambaa.

Wale wa mafuta yaliyochanganywa, nawasikia. Ni kitu cha kweli nchini, na ndiyo maana mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili isiwe rahisi mno kuichanganya na mafuta mengine. Lakini mafuta mabaya hayachagui mlima. Yakiwa na maji, weka kiasi kwenye chupa ya kuonekana ndani, acha yatulie, maji yatakaa chini. Pima. Usiseme tu.

Mwenye Vitz, Probox ama Fielder, usicheke, yako imo. Hiyo haina kabureta, na pampu yake ni ya umeme, iko ndani ya tangi. Gari nyingi ukifungua switch utasikia *nzzz* ya sekunde mbili chini ya kiti cha nyuma. Nyingine pampu husubiri mpaka injini izunguke, kwa hiyo ukimya peke yake si ushahidi. Hapo kipimo ni geji ya presha. Pampu ya zamani ya kabureta inasukuma kwa nguvu ndogo, psi chache tu, lakini ya sindano mara nyingi ni psi 40 na zaidi. Usichomoe hiyo paipu kiholela, itakurukia machoni. Mwambie fundi, "Nionyeshe geji kwanza." Akikosa geji, tafuta mwenye nayo. Na nyinyi wa kuweka ya soo mbili kila siku, taa ya mafuta inawaka kuanzia Januari mpaka Desemba: ile pampu inapozwa na mafuta yaliyoizunguka. Najua kila tarehe 14 EPRA wakitangaza bei mnashika kichwa, lakini kuendesha tangi kavu ni kukopa kwa riba.

Kabla sijasahau, petroli si maji. Injini iwe imepoa, hakuna sigara, hakuna mtu wa kuchezea waya wenye cheche pale karibu. Na usivute petroli kwa mdomo, hata kama mjomba wako hufanya hivyo. Ikiingia kwenye mapafu, hiyo ni hospitali.

Basi nini kifanyike? Pendekezo langu ni dogo. Ukipeleka gari kwa fundi, kabla hajashika spana, mwambie: "Nitakulipa elfu moja ya kutafuta shida, hata kama haitahitaji spea yoyote. Lakini kabla ya kununua kitu, nionyeshe kipimo kinachosema hicho kitu kimekufa." Utaona uso wake unavyobadilika. Fundi mzuri atafurahi, maana hakuna mtu aliyewahi kumlipa kichwa chake. Fundi wa kubahatisha atakasirika. Hapo pia umeshapima.

Kuna watakaosema elfu moja ni nyingi kwa mtu wa mboga. Mama ni mtu wa mboga. Elfu moja kwa mafundi wanne ni 4,000. Sisi tulitoa 39,000 kuikwepa hiyo 4,000.

Na mafundi, nanyi mjifunze kuidai. Daktari hukutoza pesa ya kukuona hata akikuambia huna ugonjwa, ukanywe maji. Kwa nini wewe uone haya?

Namalizia na jambo ambalo sikutaka kuliandika. Miaka miwili nimekuwa nikiwaambia watu kwamba pikap ndiyo iliyonitoa chuo. Ni stori tamu, inafanya watu wanihurumie. Juzi nikajiuliza lile swali la mzee: hii tabia ilianza lini? Na nikijibu kwa ukweli, ilianza kabla. Nilikuwa nimeacha kuingia darasani tangu mwaka wa kwanza kuisha. Kozi sikuipenda, sikumwambia mtu. Mama alisema semista iliyofuata angepata karo, na alipata. Mimi ndiye niliyesema hapana. Pikap ilikuwa ile pampu yetu ya kwanza, kitu kilichokuwa karibu cha kulaumu.

Nilimwambia mama wiki iliyopita. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo ungeliniambia mapema, mwanangu, nisingelala macho nikiilaumu hii gari." Halafu akaniambia niende nikamwangalizie tairi.

Pikap bado inapanda kila siku, na ikijazwa haiogopi. Yule mzee bado yuko kwenye benchi lake, na siku hizi mama akisimama kumuuliza kitu cha gari, anamlipa. Mwanzoni mzee alikataa. Mama akamwambia, "Chukua, mzee. Hii si ya mkono, ni ya kichwa."